Mke wa Kiongozi na Shamba la Ukoo: Sofia Kawawa, Kagera na Mjadala wa Mirathi ya Wanawake



1. Utangulizi

Msafiri atokaye Muleba kwenda Bukoba mjini hupita Muhutwe na Kemondo, kisha huingia Rwamishenye, kata iliyo langoni mwa mji. Kwa njia hiyo hupita mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa. Hupita pia watu wenye haja zao: mgonjwa anayetafuta hospitali, mwanafunzi anayerudi shuleni, mjane anayeshika bahasha ya karatasi za shamba. Nimeuanza mhadhara huu barabarani kwa sababu ya huyo wa mwisho. Mwaka 1988, katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, lilifunguliwa shauri juu ya mwanamke mzee aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Shauri hilo lilianza tarehe 25 Agosti. Miezi mitatu kabla yake, tarehe 13 Mei mwaka huohuo, watu wawili walikuwa wameuawa kwa risasi mjini Zanzibar katika maandamano ya kupinga maneno ya mwanamke mwingine, Mama Sofia Kawawa, mke wa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa wakati huo Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi.

Matukio hayo mawili huandikwa katika vitabu tofauti. La Zanzibar limo katika vitabu vya siasa na dini. La Kashasha limo katika vitabu vya sheria. Hata hivyo, swali lililoulizwa lilikuwa moja: je, mwanamke ana haki gani katika mali iliyoachwa na marehemu? Leo napenda kuyasoma pamoja. Hoja yangu ni kwamba utetezi wa mke wa kiongozi una nguvu na una kikomo, na vyote viwili vinatoka katika chanzo kimoja. Anaposema, watu husikia Serikali ikisema. Ndiyo sababu sauti yake hufika mbali, na ndiyo sababu vilevile wanaotofautiana naye hujikuta wanabishana na dola. Mwanamke wa Kashasha hakuwa na jukwaa la namna hiyo. Alikuwa na shamba, wasia wa baba yake na jibu la kutoa mbele ya hakimu.

2. Mama na jina lake

Sofia Kawawa alizaliwa mwaka 1936 na kufariki mwaka 1994. Maisha yake ya utu uzima yalikwenda sambamba na safari ya mumewe, ambayo ni sehemu ya historia ya taifa. Kawawa alitoka katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu wadhifa huo ili akaijenge TANU vijijini. Baadaye alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, akawa tena Waziri Mkuu kati ya mwaka 1972 na 1977, na kuanzia mwaka 1982 hadi 1990 alikuwa Katibu Mkuu wa CCM. Kwa hiyo, tangu mwanzo wa Uhuru hadi mwisho wa mfumo wa chama kimoja, nyumba ya Kawawa haikupata kuwa mbali na kiti cha madaraka.

Kiswahili cha siasa cha miaka hiyo kiliwapa wake wa viongozi jina la heshima la “Mama”: Mama Maria Nyerere, Mama Fatma Karume, Mama Sofia Kawawa. Sisi wanafunzi wa lugha hatuna budi kulitazama neno hili kwa makini. “Mama” ni cheo cha mapenzi. Humweka mtu juu ya ugomvi wa kawaida, maana mama hajibiwi ovyo. Lakini cheo hicho hutolewa pamoja na jina la mume, na hufuata bahati ya mume. Mfano wa upande wa pili ni Bibi Titi Mohamed, aliyejulikana kwa jina lake mwenyewe na la baba yake. Yeye aliiongoza sehemu ya wanawake ya TANU tangu mwaka 1955, na alipotofautiana na uongozi hakuwa na jina la mume la kumkinga. Alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kwa kosa la uhaini mwaka 1971, na akasamehewa mwaka uliofuata.

Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ambao baada ya Muungano ulikuja kuitwa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, uliundwa mwaka 1962, na Bibi Titi alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Katika miaka ya 1980 kiti hicho kilikuwa cha Mama Sofia Kawawa. Kati ya wakati wa kwanza na wa pili lilitokea jambo lenye uzito kwa mada yetu. Mwaka 1977 TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa CCM, na UWT ikawa jumuiya ya chama hicho kipya, Bara na Visiwani. Tangu hapo mwenyekiti wa UWT alipozungumza Dar es Salaam, alihesabiwa kuwa anazungumza na Pemba na Unguja pia, ingawa sheria zinazotawala nyumba za watu wa pande hizo mbili hazikuwa zilezile.

3. Kazi iliyofanyika

Si haki kumkumbuka Mama Sofia kwa hotuba moja tu. Jumuiya aliyoiongoza ilikuwa na kazi nyingi zisizo na kelele: vikundi vya uzalishaji, vituo vya kulelea watoto, maduka ya ushirika, madarasa ya kisomo. Aidha, UWT ilikuwa na sehemu yake katika mabadiliko mawili makubwa ya sheria ya miaka ya 1970.

La kwanza ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotanguliwa na waraka wa Serikali wa mwaka 1969 ambao ulijadiliwa na wananchi. Sheria hiyo iliziweka ndoa zote za Tanzania Bara chini ya paa moja, ziwe za Kikristo, za Kiislamu, za kimila au za kiserikali. Iliharamisha mume kumpiga mke, na mke kumpiga mume. Haikuikataza mitara, bali ilimpa mke nafasi ya kuweka pingamizi mume anapotaka kuoa tena. Ilimruhusu mwanamke anayeachwa kudai sehemu ya mali iliyochumwa katika ndoa. Ilichukua miaka kumi na miwili kabla ya neno “kuchuma” kupata maana pana: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Sheria hiyohiyo iliacha jeraha moja ambalo halijapona, kwa kuruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba.

La pili ni likizo ya uzazi. Kabla ya mwaka 1975 likizo yenye malipo ilikuwa ya mwanamke aliyeolewa tu. Wanawake walidai kwamba mtoto hazaliwi kwa cheti cha ndoa, na kwamba mama asiye na mume ndiye anayehitaji mshahara zaidi. Mwaka huo sheria ilirekebishwa, na mfanyakazi mwanamke akapata likizo hiyo awe ameolewa au hakuolewa.

Ninayataja haya ili tuione njia iliyotumika. Mabadiliko yote mawili yalipita ndani ya chama kimoja na Bunge lake. Wanawake wenye nafasi karibu na viongozi walizungumza na viongozi hao, na neno likawa sheria. Njia hiyo ilikuwa fupi na ilifanya kazi. Kasoro yake ni kwamba haikumzoesha mtetezi kukutana uso kwa uso na watu wasiokubaliana naye.

4. Mei 1988

Swali la mirathi halikuwa limeguswa na Sheria ya Ndoa. Bara palikuwa na taratibu tatu: sheria ya mila kwa Waafrika wengi, sheria ya Kiislamu kwa Waislamu, na sheria ya kiserikali iliyorithiwa kutoka India ya Waingereza, ya mwaka 1865. Zanzibar ilikuwa na mambo yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 haikutumika huko. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu vilikuwa mikononi mwa kadhi, na mwaka 1985 Zanzibar ilitunga upya sheria ya mahakama za kadhi.

Katika hali hiyo, Mama Sofia Kawawa, akiwa Mwenyekiti wa UWT, alitamka hadharani mwaka 1988 kwamba sheria zinazoruhusu mitara na zinazompa mwanamke fungu dogo la mirathi zinamdhulumu, na kwamba zinafaa kubadilishwa. Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Mwezi Januari Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa ameondolewa katika wadhifa wa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, na mwezi Mei alifukuzwa katika chama pamoja na wenzake. Ijumaa ya tarehe 13 Mei waumini waliandamana mjini Zanzibar, polisi wakafyatua risasi, na watu wawili wakapoteza maisha.

Ndugu Mwenyekiti, mwanahistoria hapaswi kuwageuza waandamanaji kuwa wajinga, wala Mama Sofia kuwa adui wa dini. Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu. Wapinzani wake walikuwa na hoja mbili zinazopaswa kutenganishwa. Hoja ya kwanza ilikuwa ya imani: mafungu ya mirathi yametajwa ndani ya Kurani, katika Sura ya Wanawake, na mwanamume anayepokea fungu kubwa amepewa pia mzigo wa kumtunza mke, watoto na jamaa. Kwa muumini, jambo hilo si la kupigiwa kura na jumuiya ya chama. Hoja ya pili ilikuwa ya utawala: kwa nini mwenyekiti wa jumuiya, mke wa Katibu Mkuu, aseme juu ya sheria ambayo hata Bunge la Muungano halikuwa na mamlaka nayo Zanzibar?

Upande wa Mama Sofia nao ulikuwa na hoja. Wanawake wengi walijua kwamba lile fungu dogo lenyewe mara nyingi halikufika mikononi mwao, na kwamba ule wajibu wa kuwatunza ulikuwa ukisahaulika siku ya arobaini inapopita. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli na yalistahili kusikilizwa misikitini, vijijini na mahakamani. Lakini mazungumzo hayo hayakufanyika. Nchi ya chama kimoja haikuwa na ukumbi ambamo mwanamke wa Unguja angeweza kusema, “Mimi ni Mwislamu, naikubali sheria ya mirathi, lakini kaka zangu wameninyima hata hicho nilichopewa na Mungu.” Palikuwa na tamko kutoka juu, na barabara ya kuandamania. Katikati yake palisimama polisi.

Sheria ya mirathi haikubadilika. Kwa miaka mingi baadaye, kila aliyetaka kuligusa jambo hilo alikumbushwa Mei 1988.

5. Kibanja na binti

Sasa turudi ziwani, upande wa magharibi, kwenye ardhi iliyopakana na njia ya Rwamishenye. Mhaya anaposema “kibanja” hasemi shamba tu. Kibanja ni migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba, ni makaburi ya wazee, ni jina la ukoo lililopandwa ardhini. Nje ya vibanja iko rweya, mbuga ya majani ambako wanawake walilima mazao ya msimu. Kwa namna hiyo ramani yenyewe ya kijiji ilieleza nani ni nani: mazao ya kudumu na ardhi ya kudumu vilikuwa vya wanaume wa ukoo; mwanamke alikuwa na msimu.

Mila hizo zilipata maandishi mapema kuliko za jamii nyingi nyingine. Mwaka 1945 Hans Cory, pamoja na Hartnoll, alichapisha kitabu cha sheria za mila za Wahaya. Mwaka 1963 Serikali huru, katika jitihada ya kuziunganisha mila za makabila mbalimbali, ilitangaza kanuni za sheria ya mila, na kanuni za urithi zikatoka katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka huo. Ndani yake warithi waliwekwa katika daraja tatu: mtoto wa kiume mkubwa juu, wana wengine katikati, mabinti chini. Kifungu cha 20 kiliruhusu mwanamke kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo angeweza kuitumia maisha yake yote lakini hakuruhusiwa kuiuza maadamu wanaume wa ukoo wapo. Kwa hiyo mila iliyokuwa ikibadilika polepole midomoni mwa wazee iligandishwa katika chapa, na mtu wa mwaka 1988 akahukumiwa kwa picha ya zamani ya jamii yake.

Lakini mabinti wa Kagera hawakuwa wamekaa wakisubiri. Utafiti wa Luise White kuhusu Nairobi ya kikoloni, uliochapishwa mwaka 1990, unaeleza habari ya wanawake wa Kihaya waliofika huko tangu miaka ya 1930, wakafanya biashara ya ngono, na kupeleka fedha nyumbani ili kuokoa familia na mashamba ya baba zao wakati bei ya kahawa ilipoporomoka. Hapa ipo kejeli ambayo sheria haikuiona: fedha ya binti iliweza kukitunza kibanja, ila binti mwenyewe hakuweza kuhesabiwa kuwa mwenye kibanja.

Kisha ukaja ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana Kagera mwaka 1983. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wa mjini Bukoba walikuwa na virusi. Waume walikufa wakiwa vijana, na wajane walibaki na watoto katika vibanja ambavyo ukoo ulisema si vyao. Kwa hiyo, mwaka 1988 suala la mirathi katika mkoa huu halikuwa la nadharia. Lilihusu nani atabaki ndani ya nyumba baada ya matanga.

6. Shauri la Kashasha

Mwanamke wa shauri letu alirithi ardhi ya ukoo kwa baba yake kwa wasia halali. Alipozeeka, akaona hana mtu wa kumtunza, aliiuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo wake. Siku ya pili yake, jamaa wa ukoo ambaye kwake mwanamke huyo ni shangazi alifungua shauri Kashasha, akidai kwamba mauzo ni batili kwa sababu mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ilikataa, ikaona kwamba Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984 imeubadilisha msingi wa jambo. Rufani ikapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ambaye alitoa hukumu mwezi Februari 1990.

Tarehe zina maana hapa. Hati hiyo ya haki ilipoingizwa, Serikali ilijipa muda wa miaka mitatu kabla ya mahakama kuruhusiwa kuzibatilisha sheria kwa kuitumia, na muda huo ulikwisha mwezi Machi 1988. Shauri la Kashasha lilifunguliwa mlango ukiwa umefunguka kwa miezi mitano tu. Jaji alisema kwamba kanuni ya kumzuia mwanamke kuuza ni ya kibaguzi. Alitegemea Katiba, na pia mikataba ambayo Tanzania ilikuwa imeiridhia, ukiwamo ule wa kuondoa ubaguzi wa aina zote dhidi ya wanawake, ulioridhiwa mwaka 1985. Akaamua kwamba tangu hapo wanaume na wanawake wa mila hiyo wawe na haki sawa na masharti sawa katika kuuza ardhi ya ukoo.

Tuitazame hekima ya amri yake. Hakuufuta ukoo. Kwa kuwa mwanamume anapouza ardhi ya ukoo kwa mgeni jamaa zake wana haki ya kuikomboa, jamaa huyu naye alipewa miezi sita aikomboe kwa kulipa zile shilingi 300,000. Akishindwa, ardhi iwe ya mnunuzi. Hivyo mila haikutukanwa. Iliambiwa imtendee binti kama inavyomtendea mwana. Hakuna aliyeandamana, na hakuna aliyekufa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Mwanza ilifaulu pale Zanzibar iliposhindwa, kana kwamba ni mashindano. Mahakama ilikuwa inashughulikia mila ya ukoo, wala haikushughulikia maandiko matakatifu. Tena ushindi wa mahakamani una udhaifu wake. Kanuni za mwaka 1963 zilibaki katika vitabu. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilitamka usawa wa wanawake katika ardhi, lakini urithi wenyewe haukurekebishwa. Mwaka 2005 wajane wawili wa Shinyanga waliiomba Mahakama Kuu izitangaze kanuni hizohizo kuwa batili. Mahakama ilikiri kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa wanawake iliona kwamba wajane hao wamenyimwa haki yao. Mjane anayepita Rwamishenye na bahasha yake bado anahitaji mtu wa kumweleza ipi kati ya hukumu hizo inamhusu.

7. Lugha ya shauri

Kwa kuwa tumekutana kwa ajili ya Kiswahili, naomba tulisikilize shauri hili kama wanalugha. Mwanamke yule, katika mahakama ya Kashasha, alijibu katika mahakama inayoendeshwa kwa Kiswahili. Nyumbani shauri lilisemwa kwa Kihaya. Na hukumu ya Mwanza iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya Mahakama Kuu. Uamuzi uliombadilishia hadhi haukuandikwa kwa lugha aliyojitetea nayo. Ni mwezi Februari 2021 tu ambapo sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama za ngazi zote. Kwa miongo mitatu hukumu mashuhuri kuliko zote juu ya kibanja imesomwa zaidi katika vyuo vikuu vya dunia kuliko katika vijiji vya Muleba.

Maneno nayo yana historia. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kitenzi kimoja kimewagawia kazi mbili. “Kurithi” hakina mgawanyo huo: mwana na binti wote hurithi, na sarufi haina ubishi. Ubishi uliletwa na maneno yaliyoongezwa pembeni, “kutumia tu”, “bila kuuza”. Hata Katiba ilikuwa na pengo la neno. Fasili ya ubaguzi iliyowekwa mwaka 1984 haikutaja jinsia. Neno hilo liliongezwa kwa mabadiliko ya mwaka 2000. Jaji wa mwaka 1990 ilimbidi avuke mipaka ya nchi kulitafuta katika mikataba.

Na Mama Sofia? Maneno yake yametufikia zaidi kupitia vinywa vya waliomkasirikia. Amebaki katika kumbukumbu kama kauli moja, bila sentensi zilizoitangulia wala zilizoifuata. Yule wa Kashasha amebaki kama jina la shauri, Ephrahim dhidi ya Pastory, na jina la mwanamume mlalamikaji ndilo linalotangulia. Wote wawili wamehifadhiwa na maneno ya watu wengine.

8. Hitimisho

Baada ya mwaka 1988 njia ya utetezi iligawanyika. Upande mmoja wake wa marais walianzisha taasisi zao: Mama Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997, na Mama Salma Kikwete, mwalimu kwa taaluma, alianzisha taasisi ya Wanawake na Maendeleo, WAMA, mwaka 2006. Taasisi hizo zilishughulikia mitaji midogo, shule za wasichana na afya ya mama na mtoto. Ni mambo mema, na ni mambo ambayo hayamkasirishi mtu. Fundisho la Mei lilikuwa limeeleweka.

Upande wa pili alisimama mwanamke aliyezaliwa Muleba, Profesa Anna Tibaijuka, mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililosajiliwa mwaka 1995. Baraza hilo lilitaka kusema juu ya ardhi na mirathi bila kuwa jumuiya ya chama. Shughuli zake zilisimamishwa mwaka 1996, likafutwa mwaka 1997, likaenda mahakamani. Hukumu ya kulipa haki ilitoka mwaka 2009, wakati baraza lenyewe lilikuwa limekwisha kufifia. Kwa hiyo, asiyekuwa na kivuli cha dola alipata uhuru wa kusema, na akakosa kinga alipokwisha kusema.

Basi tumhukumu vipi Sofia Kawawa? Nadhani tumpe heshima ya kumchukulia kama mtu mwenye mawazo, wala si kama mke tu. Aliligusa jambo ambalo wenye vyeo wenzake walilipita kimya, na aliligusa akiwa na mengi ya kupoteza. Alikosea mahali pa kusimamia. Aliamini, kama kizazi chake kilivyoamini, kwamba haki ikitangazwa na chama imekwisha kupatikana. Mwanamke wa Kashasha hakuwa na imani ya namna hiyo. Alihitaji shilingi 300,000 za kumtunza uzeeni, na akazitetea mahakama kwa mahakama.

Kwa wanafunzi mlio hapa ninaacha kazi moja. Majalada ya mahakama za mwanzo za Kagera yameandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono, shauri baada ya shauri. Yanaoza. Ndani yake yamo maneno ya wajane na mabinti wakijieleza kabla wanasheria hawajawatafsiri na kabla wanasiasa hawajawasemea. Nendeni mkayasome, mkianzia barabara ile inayopita Rwamishenye, wakati wino ungali unasomeka.